Georges Vézina: Kipa wa Canadiens aliyeondolewa langoni na kifua kikuu

Montreal Canadiens ya Kanada ni klabu yenye mataji mengi ya Kombe la Stanley kuliko nyingine yoyote katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Imetwaa Kombe la Stanley, ambalo ndilo taji kubwa la mchezo huo, mara 24. Mataji mawili ya kwanza, la mwaka 1916 na la mwaka 1924, yaliletwa na kikosi ambacho langoni mwake alisimama mtu mmoja, Georges Vézina.

Mchezo wenyewe huchezwa hivi. Wachezaji huvaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini ili wateleze, na kwa magongo hugombea kisahani cha mpira mgumu. Kisahani hicho huruka kwa kasi kubwa kuelekea golini. Enzi za Vézina kipa hakuwa na kinga ya uso, na mpaka Januari 1918 kanuni za ligi hazikumruhusu kujiangusha kwenye barafu ili kukizuia. Ilimbidi asimame wima.

Vézina alizaliwa Januari 21, 1887, katika mji mdogo wa Chicoutimi, jimbo la Quebec, ambako watu huzungumza Kifaransa. Baba yake alikuwa na tanuri la mikate. Akiwa bado kijana mdogo, Georges aliacha shule na kwenda kumsaidia baba yake kazi. Alicheza langoni kwa viatu vya kawaida, na inaelezwa kwamba alifikisha miaka 18 ndipo akavaa viatu vya kuteleza.

Canadiens iliundwa Desemba 1909 ili wachezaji wa Kifaransa wa Montreal wawe na timu yao. Februari 1910 ilikwenda Chicoutimi kucheza mchezo wa kirafiki na vijana wa pale ambao hawakuwa wakilipwa. Wageni walifungwa. Kipa wao, Joseph Cattarinich, alivutiwa sana na kipa wa wenyeji, akaishauri klabu yake imsajili, ingawa kufanya hivyo kulimaanisha yeye mwenyewe kupoteza nafasi. Desemba 31, 1910, Vézina alicheza mchezo wake wa kwanza akiwa na Canadiens.

Tangu siku hiyo hakukosa mchezo hata mmoja kwa miaka 15. Alicheza michezo 328 ya ligi mfululizo. Alikuwa mpole, msema machache, na mashabiki walimpa jina la utani la Tango la Chicoutimi kwa jinsi alivyotulia hata mambo yalipochacha. Mwaka 1916 Canadiens iliishinda Portland na kupata kombe lake la kwanza. Mwaka 1924 iliishinda Calgary ikapata la pili.

Kati ya mataji hayo, timu ilionja uchungu wa maradhi. Mwaka 1919 ilikuwa Seattle, Marekani, ikicheza fainali, wakati homa kali ya mafua ilipokuwa ikiua mamilioni ya watu duniani. Wachezaji kadhaa waliugua, fainali ikavunjwa, na beki wa Canadiens, Joe Hall, akafariki dunia huko huko.

Zamu ya Vézina ilifika Novemba 28, 1925, katika mchezo dhidi ya Pittsburgh. Aliingia uwanjani akiwa na homa ya karibu nyuzijoto 39. Kipindi cha kwanza kilimalizika bila yeye kufungwa. Wakati wa mapumziko alitapika damu, lakini akarudi langoni. Kipindi cha pili kilipoanza alianguka kwenye barafu, akatolewa nje. Hakucheza tena.

Madaktari waligundua kuwa ana kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri na apate hewa safi, basi. Vézina alirudi kwao Chicoutimi, akafariki Machi 27, 1926, akiwa na umri wa miaka 39. Msimu huo Canadiens, mabingwa wa miaka miwili nyuma, walishika mkia katika ligi.

Viongozi wa klabu, Cattarinich akiwa mmoja wao, walitoa tuzo yenye jina la Vézina, na mpaka leo hupewa kipa bora wa ligi kila msimu. Wa kwanza kuipata alikuwa George Hainsworth, kipa aliyechukua nafasi yake Canadiens.

Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu iligunduliwa mwaka 1943, miaka 17 baada ya Vézina kuzikwa. Siku hizi wagonjwa wengi hupona kwa kumeza dawa kwa takriban miezi sita bila kukatisha. Kikohozi kinachodumu wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kutoka jasho usiku, kukonda au kukohoa damu ni dalili za kwenda kupimwa makohozi mapema. Vézina hakuwa na dawa ya kumsubiri hospitalini. Mgonjwa wa leo anayo.