Abdur-Rahman as-Sufi: Aliyezihakiki nyota kwa macho yake

Nianze na fedheha yangu mwenyewe.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, baada ya Isha, nilikuwa na vijana wangu wa somo la Maarifa ya Uislamu kwenye uwanja nje kidogo ya Bagamoyo, mbali na taa za mji. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Dubai alikuwa amerudi na darubini ya kisasa, ile yenye kompyuta. Unaisimamisha juu ya miguu yake mitatu mpaka ikae sawa, unaipa tarehe, saa na mahali ulipo, halafu inakutaka uielekeze kwenye nyota mbili unazozijua. Unaiweka ya kwanza katikati kabisa ya kioo, unabonyeza, kisha ya pili. Kutokana na hizo mbili kompyuta inapiga hesabu ya anga lote, na tangu hapo chochote utakachokitaka mota zake zinakutafutia zenyewe.

Orodha ya nyota ilipotokea kwenye kidude cha mkononi nilifurahi sana. Altair, Aldebaran, Deneb, Fomalhaut, Achernar, Rigel. Nikaanza kumwaga darsa: huyu ni at-tair, tai arukaye, huyu ad-dabaran, mfuataji, huyu dhanab, mkia, huyu fam al-hut, mdomo wa samaki, huyu akhir an-nahr, mwisho wa mto, na huyu rijl, mguu. Vijana wakaleta takbira. Kisha binti mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, hiyo fam al-hut ni ipi kati ya zile zilizoko juu. Sikuijua. Tukabahatisha nyota mbili, na ile mashine ikaamini tulichoiambia. Tulipoitaka Zohali ikatuelekeza penye giza tupu.

Mtu aliyenijia akilini saa ile alifariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ni kuwasahihisha wasomi wa aina yangu.

Abul-Husayn Abdur-Rahman bin Umar as-Sufi alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, mwaka 903, sawa na mwaka 291 Hijria. Mtu asidhani kuwa nataka kusimulia karama za shekhe wa tarika. Huyu historia imemhifadhi kwa nyota. Alikulia katika zama ambazo khalifa wa Baghdad alikuwa amebakiwa na jina tu, na kuanzia mwaka 945 mamlaka yenyewe yalikuwa mikononi mwa wafalme wa ukoo wa Buwayh kutoka Uajemi. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba elimu hustawi pale tu dola inapokuwa moja na imara. Karne ile ya kumi inatukatalia. Dola ilikuwa vipande vipande, na kila mtawala alitaka mabingwa wa elimu wakae katika baraza lake.

As-Sufi alimpata mtawala wa namna hiyo, naye ni Adud ad-Dawla, aliyetawala Fars kuanzia mwaka 949 na makao yake yakiwa Shiraz. Alikuwa mdogo kwa as-Sufi kwa miaka zaidi ya thelathini, na akawa mwanafunzi wake. Wanahistoria wameandika kwamba mfalme huyu alijivunia walimu wake, akimtaja Abu Ali al-Farisi katika nahau na as-Sufi katika nyota. Tafakari hilo kidogo, ndugu msomaji: mtu mwenye majeshi na hazina anajifakhirisha kwa jina la mwalimu wake!

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Elimu ya nyota waliyokuwa nayo Waislamu ilitoka kwenye visima viwili. Kimoja ni kitabu cha Ptolemy, mwanachuoni aliyeishi Alexandria, Misri, katika karne ya pili, ambaye aliorodhesha nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Cha pili ni elimu ya Waarabu wa jangwani, waliosafiri usiku na kuhesabu misimu kwa nyota, na ambao walikuwa na majina yao tangu kabla ya Uislamu. Visima hivi vilikuwa havijachanganyika vizuri. Msomi wa mjini alijua nambari za Ptolemy. Bedui alijua ad-dabaran iko wapi. Ilikuwa nadra kumpata mtu mmoja mwenye yote mawili.

As-Sufi alilalamika waziwazi katika utangulizi wa kitabu chake. Aliwakuta watu wenye sifa kubwa katika fani hii wanaochora nyota kwenye matufe ya anga kwa kunakili vitabuni tu, bila ya kuzitambua mbinguni. Kosa la mwandishi wa kwanza likawa kosa la wote. Hakuogopa kuwagusa hata wakubwa. Al-Battani mwenyewe, ambaye heshima yake haina shaka, hakusalimika.

Dawa aliyoitumia ilikuwa ngumu. Alichukua orodha ya Ptolemy na kuzipitia nyota zake moja baada ya nyingine kwa macho yake, bila ya darubini, kwa kuwa chombo hicho kilikuja miaka zaidi ya 600 baadaye. Kila nyota aliikadiria upya mng'ao wake katika daraja sita, tena akaongeza ngazi za katikati pale alipoona daraja moja halitoshi. Ptolemy alipokosea alisema amekosea. Mahali pa nyota, kwa upande mwingine, alipachukua kwa Ptolemy mwenyewe na kuongeza nyuzi 12 na dakika 42 kwa zote, kwa sababu anga huonekana kusogea polepole kadiri karne zinavyopita. Alikisia mwendo huo kuwa nyuzi moja kwa kila miaka 66. Vipimo vya leo vinasema karibu 72. Ptolemy alikuwa amesema 100.

Kitabu hicho, Suwar al-Kawakib, yaani picha za nyota, kilikamilika mwaka 964. Kila kundi amelichora mara mbili: jinsi linavyoonekana kwa mtu aliyesimama ardhini, na jinsi linavyokuwa kwenye tufe, ambapo kulia hugeuka kushoto. Wenye darubini watamuelewa mara moja, maana nyingi katika vioo hivi vya leo nazo hugeuza picha, na asiyejua hilo hupotea. Kisha pembeni ya majina ya Kigiriki akaweka yale ya Waarabu na kueleza ni nyota ipi hasa waliyoikusudia. Hapo ndipo visima viwili vilipokutana.

Kuna sehemu moja ya kitabu ambayo mimi huirudia kila mara. Katika kundi la Andromeda, kwenye samaki mkubwa wa Waarabu, ametaja doa dogo kama wingu. Hakulipamba kwa maneno. Aliliona, akaliandika, akaendelea. Huko Ulaya, Simon Marius alilieleza kwa darubini mwaka 1612, na ilibidi kufika miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble alipothibitisha kuwa kile si kiwingu cha kwetu bali ni mkusanyiko mwingine kabisa wa nyota, mbali na huu tuliomo. Mwanga wake husafiri miaka kama milioni mbili na nusu mpaka kutufikia. Maandishi ya as-Sufi ndiyo ya zamani zaidi yanayojulikana kulihusu.

Aliandika pia juu ya matumizi ya asturlabi, ile sahani ya shaba ya kupimia nyota, chombo kilichowasaidia Waislamu kujua nyakati za sala na upande wa kibla. Huko Shiraz alipima jua kwa pete kubwa iliyopewa jina la mfalme wake. Imepokewa kwamba tufe la fedha alilolitengeneza kwa ajili ya Adud ad-Dawla lilionekana katika maktaba ya Cairo kwenye miaka ya 1040, miongo kadhaa baada ya wote wawili kuondoka. Anatajiwa vilevile maandishi ya unajimu wa kubashiri, kama ilivyokuwa ada ya mabingwa wa mahakama za wafalme. Hilo tunamwachia yeye na Mola wake; hatumfuati. Mfalme alifariki mwaka 983, na mwalimu mwaka 986, akiwa na umri wa miaka 82.

Kitabu hakikufa. Nasir ad-Din at-Tusi alikitia katika Kiajemi katika karne ya 13, na katika karne hiyo hiyo Mfalme Alfonso wa Castile akaagiza kazi ya nyota kwa Kihispania iliyojengwa juu yake. Ulugh Beg wa Samarkand alikuwa na nakala yake. Wazungu walimwita Azophi, na shimo moja kwenye uso wa mwezi limepewa jina hilo. Majina ya Kiarabu yakaenea Ulaya kwa njia hii na nyingine, mengine yakiwa yamevunjika mifupa. Betelgeuse asili yake ni yad al-jawza, mkono wa al-jawza. Kila aliyepita madrasa anajua kwamba ya ikiwa mwanzo wa neno ina nukta mbili chini na ba ina moja. Mnakili mmoja akasoma nukta moja badala ya mbili, na kosa lake likapita kalamu hadi kalamu mpaka likaingia kwenye kompyuta ya darubini yetu.

Turudi uwanjani. Aliyetuokoa ni mlinzi wa pale, mzee aliyewahi kuwa mvuvi, ambaye alikuwa amekaa pembeni akituangalia tunavyohangaika. Tulipomwamkia shikamoo na kumweleza shida yetu akatuonyesha Kilimia mashariki, ambayo Waarabu huiita ath-Thurayya. Nikakumbuka maana niliyoifundisha dakika chache kabla: ad-dabaran ni mfuataji, na anayemfuata ni ath-Thurayya. Tukatazama chini yake, na kweli, nyota nyekundu ilikuwa ndiyo kwanza inapanda. Kwa ya pili akatuonyesha ile nyota kubwa iliyokuwa peke yake juu upande wa kusini-magharibi, ambayo aliwahi kuitumia kurudia nyumbani. Hakuwa na jina lake. Mimi nilikuwa na jina.

Safari hii mashine ilikubali. Nikampa yule binti kidude, akabonyeza M31, namba ya kile kiwingu cha as-Sufi katika orodha za leo. Mota zikalia, bomba likageuka kaskazini, na vijana wakapanga foleni nyuma ya mzee.