Siti binti Saad: sauti iliyobaki katika sahani za lakiri

Nyuma ya soko la Machakos iko nyumba moja ambayo mzee wake alifariki mwaka jana. Nilikwenda kutoa mkono wa tanzia, sikwenda kutafuta vitu. Lakini vyombo vya marehemu vilikuwa vimetolewa uani, na chini ya kitanda cha kamba nikaona sahani za santuri kumi na moja, zimelazwa moja juu ya nyingine, na juu yake pamewekwa jiko la makaa. Nikaliondoa jiko. Sahani ya tatu ilikuwa na ile picha ya mbwa anayesikiliza kinanda, na chini yake jina la Siti binti Saad.

Marehemu aliwahi kufanya kazi bandarini Mombasa, na bila shaka huko ndiko alikozinunua. Mjane wake, ambaye mtaa mzima humwita nyanya, akaniambia kuwa wajukuu wanataka kuzitupa kwa kuwa kinanda chenyewe hakipo tena. Mmoja wa hao wajukuu akaniuliza Siti ni nani. Swali hilo lilinichoma, mimi niliyelelewa Pwani ambako jina hilo halihitaji kuelezwa. Basi na tulieleze.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na halikuwa jina la mzaha. Asili ya wazazi ilikuwa bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na utumwa ulikuwa bado ni sheria ya nchi. Haukufutwa Unguja hadi mwaka 1897. Chuoni hakwenda, kusoma na kuandika hakujua. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza, na inasimuliwa kuwa wanunuzi waliisikia sauti yake kabla hawajauona mzigo wake.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alipatana na mpigaji udi aitwaye Ali Muhsin, akamfunza kuimba kwa kufuata ala. Kisha akajiunga na mafundi wengine, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruku. Hapo ndipo lilipokuja jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ndefu kuliko ile ya Fumba hadi mjini, na wako waliomwonea kijicho. Walimtungia beti za kumkumbusha vyungu na nguo aliyoingia nayo mjini. Yeye akawajibu kwa wimbo, na jibu hilo watu wa Pwani wanalo mpaka leo.

Taarabu ya kabla yake ilikuwa ya jumba la Sultani. Tangu Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ilipigwa Kimisri na kuimbwa Kiarabu, na msikilizaji aliyeifahamu alikuwa mmoja katika mia. Siti aliimba jumbani pia, lakini aliimba kwa Kiswahili, na akaimba habari za mitaani Ng'ambo. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani kwa habari ya pombe. Ng'ambo hakukuwa na gazeti la kuandika uchungu ule kwa lugha yao. Siti aliwaandikia kwa koo, mtu asiyejua kushika kalamu.

Mwaka 1928 wakala wa kampuni ya santuri akamsafirisha yeye na wenzake hadi Bombay. Hebu fikiri, msomaji: taarabu ya usiku kucha, ambayo shairi moja hupewa muda mpaka watu watunze, ikalazimishwa kuingia katika dakika tatu hivi, kwa maana upande mmoja wa sahani hauchukui zaidi. Walifaulu. Sahani zilinunuliwa sana hata kampuni nyingine zikaja kuutafuta upepo huo huo. Kwa njia hii sauti ya Siti ilifika mahali ambapo mwenyewe hakufika, na Machakos ni pamojawapo.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alimwendea, akaandika wasifu wake, na kitabu hicho ni cha kushukuriwa. Lakini kitabu hakiimbi. Sauti yenyewe imo katika sahani kama zile za chini ya kitanda, na sahani zile ni dhaifu kuliko tunavyodhani.

Kwani zimefanywa kwa nini? Kwa lakiri, ile ile tuliyokuwa tukifungia bahasha, itokayo kwa mdudu wa India, ikachanganywa na unga wa mawe na masizi. Ni ngumu kama kigae na huvunjika kama kigae. Juani hupinda. Zikilazwa chungu nzima, ya chini hubeba uzito wa zote. Dawa ni kuzisimamisha wima, zikiegemeana bila kubanwa, kila moja katika mfuko wake wa karatasi safi. Mtu aishike ukingoni, asipitishe vidole juu ya mistari.

Kusafisha ndiko kulikonitia aibu. Miaka ishirini iliyopita nilipewa sahani yenye ukungu, nami kwa ujuzi wangu wa kubahatisha nikaipangusa kwa spiriti. Lakiri huyeyuka katika spiriti. Kitambaa kilitoka cheusi, na weusi ule ulikuwa ni wimbo. Tangu siku hiyo nimejifunza: maji safi yasiyo chumvi, kidogo tu, kitambaa laini kifuate mzunguko wa mistari, karatasi ya katikati isiloweshwe, kisha sahani ikauke kivulini.

Na sindano pia ina maneno yake. Sahani hizi huzunguka mara 78 kwa dakika, na mfereji wake ni mpana kuliko wa sahani za plastiki zilizokuja baadaye. Sindano nyembamba ya kisasa huzama na kukwaruza chini. Ile ya chuma ya vinanda vya kutia ufunguo ilitakiwa kubadilishwa kila upande mmoja, na wengi wetu tuliitumia mwezi mzima, tukichimba sauti kama wachimba mtaro. Afadhali itafutwe mashine yenye sindano pana na mkono mwepesi, ipigwe mara moja, inakiliwe, kisha sahani irudi mfukoni.

Kumi kati ya zile kumi na moja nimezisafisha, nazo zimesimama katika sanduku nyumbani kwa nyanya, mbali na jiko. Ya Siti ina ufa kutoka ukingoni hadi karibu ya katikati. Sijathubutu kuipiga. Kuna fundi Nairobi mwenye sindano ifaayo, ameniambia niilete ikiwa imelazwa juu ya ubao, nisiiguse njiani. Nyanya amesema atakwenda nami, kwa kuwa anataka kusikia mumewe alikuwa akisikiliza nini.