Theodor Bilharz: Tabibu Aliyefumbua Fumbo la Kichocho

Maji yatokayo Ziwa Viktoria pale Jinja hayaishii Uganda. Hushika njia ya kaskazini, hupita Ziwa Kyoga, huingia Sudan, na mwisho wa safari yake hufika Misri. Hata maji yateremkayo Mlima Elgon karibu na Mbale huufuata mkondo huo huo, kwani Mto Manafwa huingia Mpologoma, nao Mpologoma humimina maji yake upande wa Kyoga. Kwa hiyo watu wa Jinja, wa Mbale na wa Kairo ni watu wa mto mmoja. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu aliyefanya kazi huko chini ya mto, ambaye jina lake limekuwa jina la ugonjwa. Huyo ni Theodor Bilharz.

Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea utabibu Freiburg na Tübingen, akavutiwa zaidi na elimu ya maumbile ya mwili na ya viumbe vidogo vionekanavyo kwa hadubini. Mwaka 1850 mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri kusimamia shughuli za utabibu. Bilharz alifuatana naye akiwa msaidizi wake, naye alikuwa kijana wa miaka 25.

Huko Misri alikuta watu wengi wanaokojoa damu. Ugonjwa huo ulikuwa wa kale mno, na wengi walikuwa wameuzoea. Madaktari wa jeshi la Ufaransa lililoingia nchi hiyo mwaka 1798 waliuona kwa askari wao wenyewe, wakadhani kwamba ulitokana na joto na jasho jingi.

Ili tulielewe fumbo hilo, yatupasa kwanza kuifahamu kazi ya figo. Figo ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja kutoka katika damu maji yapatayo lita 180, kisha hurudisha mwilini karibu yote pamoja na chumvi zinazohitajiwa. Yale yabakiayo, kiasi cha lita moja au mbili, pamoja na taka za mwili, ndiyo mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, nacho kikijaa huukamua nje. Katika mtu mwenye afya damu haionekani katika njia hiyo. Ikionekana, yafaa kuuliza ni wapi palipo na dosari: katika figo, mirija au kibofu?

Bilharz alilitafuta jibu kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 1851, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Kairo, aliona minyoo ndani ya mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini. Mnyoo dume alikuwa mpana, na mwili wake umejikunja kama mfereji. Ndani ya mfereji huo amelala jike mwembamba. Bilharz akamwandikia habari hizo Carl Theodor von Siebold, aliyepata kumfundisha huko Ujerumani. Mwaka uliofuata aliwaona minyoo hao katika mishipa ya kibofu, na mayai yao yenye mwiba yamekwama katika kuta zake. Hapo fumbo likafumbuka. Damu haikuletwa na joto, bali ilitoka katika jeraha lililosababishwa na mayai ya mnyoo.

Jeraha hilo huanza chini, lakini madhara yake hupanda juu. Kuta za kibofu zikijaa makovu, na mirija ikibanwa, mkojo hukosa njia na kurudi nyuma. Mkulima wa mpunga wa Doho, anyweshaye shamba lake kwa maji ya Manafwa, ajua kwamba mfereji ukizibwa chini, maji hufurika juu. Hali kadhalika figo huvimba, vichujio vyake hufa, na pengine mgonjwa hana habari mpaka siku zimekwisha kupita.

Bilharz alipewa kazi ya kufundisha elimu ya viungo vya mwili hapo Kairo, na mwaka 1857 alitoa kitabu juu ya kambare wa Mto Naili mwenye nguvu za umeme. Mwaka 1862 alifuatana na mtawala mmoja wa Kijerumani, Ernst wa Saxe-Coburg, hadi Massawa katika pwani ya Bahari ya Shamu. Alimwuguza mgonjwa wa homa katika msafara huo, naye akaambukizwa. Alifariki Kairo tarehe 9 Mei 1862, akiwa na miaka 37 tu. Siku 80 baadaye, tarehe 28 Julai, Mwingereza John Hanning Speke alifika Jinja, akapaona mahali mto huo utokapo ziwani.

Jambo moja Bilharz hakujaliwa kulijua: njia aingiayo mnyoo mwilini. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer aliyakuta mayai hayo katika figo za maiti wa Misri waliokaushwa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Mwaka 1915 Robert Leiper akaonyesha kwamba vijidudu vya ugonjwa hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye, avuaye samaki au afuaye nguo.

Ilibainika pia kwamba minyoo hao ni wa namna zaidi ya moja. Yule mwenye yai la mwiba wa nchani hushambulia kibofu, naye katika Uganda amejulikana zaidi upande wa Lango. Yule mwenye yai la mwiba wa ubavuni hushambulia matumbo na ini, na huyo ndiye aliyeenea katika mwambao wa ziwa na mto karibu na Jinja. Basi mwenyeji wa Jinja asiseme yu salama kwa kuwa mkojo wake hauna damu. Damu katika choo kikubwa na tumbo kuvimba ni dalili vilevile.

Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo hao, na tangu mwaka 2003 Uganda imekuwa na mpango wa taifa wa kuwagawia watu dawa hiyo. Lakini aliyepona akirudi kwenye maji yale yale huambukizwa tena, kwa sababu konokono hawanywi dawa. Choo kilichojengwa mbali na maji humzuia mnyoo kabla hajamfikia konokono. Bilharz aliwaonyesha watu adui. Kumnyima njia ni kazi yetu sisi tunaoishi kandokando ya mto wake.