Ian Dury: Polio ilimdhoofisha mguu, redio ikazima wimbo wake

Kabla uamue kwamba rock si muziki wako, hebu skiza kisa cha Ian Dury. Jamaa huyu Mwingereza alitembea akichechemea, mguu wa kushoto ukishikiliwa kwa chuma, na alikuwa amegonga miaka 35 albamu ya kwanza yenye jina lake ilipotoka. Katika biashara inayopenda sura changa na miili isiyo na kasoro, huyo si mtu ungemwekea pesa. Lakini Januari 1979, ngoma yake ndiyo ilikuwa nambari moja Uingereza.

Dury alizaliwa Mei 12, 1942, Harrow, viungani mwa London. Mwaka wa 1949, akiwa na miaka saba, alipata polio. Mwenyewe aliamini aliambukizwa kwenye bwawa la kuogelea mjini Southend. Wakati huo chanjo haikuwepo. Yale matone uliyotiwa mdomoni ukiwa mchanga, hata hukumbuki, yeye hakuwa na bahati ya kuyapata. Mguu na mkono wake wa kushoto ulidhoofika, akalazwa hospitalini kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Alipotoka alipelekwa Chailey, shule ya watoto wenye ulemavu huko Sussex, ambako hakuna aliyebembelezwa.

Hakuanza na muziki. Alisomea uchoraji hadi Royal College of Art jijini London, ambako alifunzwa na mchoraji Peter Blake, kisha akawa mwalimu wa sanaa mjini Canterbury. Mwaka wa 1971 alianza kupiga shoo na bendi yake ya kwanza, Kilburn and the High Roads, baadhi ya wanabendi wakiwa wanafunzi wake. Mashabiki wa kwenye baa waliipenda, lakini rekodi hazikuuza na bendi ikavunjika.

Baadaye akashirikiana na Chaz Jankel, mpiga kinanda na gitaa aliyependa funk. Dury aliandika maneno, Jankel akatunga muziki. Septemba 1977 kampuni ndogo ya Stiff Records ikatoa New Boots and Panties!!, wakati punk ilikuwa imewaka na mtindo wa New Wave, yaani Wimbi Jipya, ukianza kushika. Hii ndiyo albamu yake bora, hakuna ubishi. Dury anaghani kwa lafudhi ya mtaani, bila kujifanya Mmarekani kama waimbaji wengi wa enzi hiyo. Anakuchorea watu wa kawaida mmoja mmoja, akiwemo babake aliyekuwa dereva. Sweet Gene Vincent ni salamu kwa mwimbaji Mmarekani ambaye naye alichechemea, baada ya kuumia mguu kwenye ajali ya pikipiki.

Kisha ikaja singo ya Hit Me with Your Rhythm Stick, akiwa na bendi yake ya The Blockheads. Skiza besi ya Norman Watt-Roy inavyokimbia bila kupumua, halafu ngojea Davey Payne anapopuliza saksafoni mbili kwa mpigo. Si mchezo! Ndiyo iliyoing'oa Y.M.C.A. ya Village People kileleni. Singo hiyo haikuwekwa kwenye albamu iliyofuata, Do It Yourself ya 1979, ambayo bado ilifika nambari mbili. Ni albamu safi, japo haina makali ya ile ya kwanza. Laughter ya 1980, iliyorekodiwa bila Jankel, inachosha.

Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa uliuadhimisha kama mwaka wa watu wenye ulemavu. Dury aliona maadhimisho hayo yamejaa huruma ya kutoka juu, akaandika Spasticus Autisticus. Alichukua tusi ambalo watoto wenye ulemavu walitupiwa shuleni, akaligeuza kuwa jina la shujaa, akiiga kisa cha Spartacus, mtumwa aliyeongoza maasi Roma. BBC ilikataa kuucheza na wimbo ukafa.

Suala hilo tunalijua hata sisi. Wengi wetu tumeacha kusema kiwete, tunasema mtu mwenye ulemavu, ili binadamu asitajwe kama kitu. Dury alipita njia nyingine: alilibeba lile neno baya mwenyewe ili lisimuume tena. Unaweza kukataa njia yake, lakini huwezi kusema hakuwa na haki ya kuipita. Mguu ulikuwa wake.

Mwaka wa 1996 aligunduliwa kuwa na saratani. Hakunyamaza. Alirudi na The Blockheads kwa albamu ya Mr Love Pants mnamo 1998, tena nzuri, na akashirikiana na UNICEF kuhimiza chanjo ya polio. Alifariki Machi 27, 2000, akiwa na miaka 57.

Miaka 12 baadaye, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu jijini London, wasanii wenye ulemavu waliuimba Spasticus Autisticus uwanja ukiwa umejaa, na dunia nzima ikitazama.

Kwa hivyo anza na New Boots and Panties!!, kisha Hit Me. Ukimaliza, weka ule wimbo uliozimwa, halafu jiulize ni nani hasa aliyekuwa akiona haya: Dury, au redio.