Gregory: Mwanajiolojia aliyesoma ukame katika fuo za kale za Bonde la Ufa

KABLA ya reli kufika Nakuru mwaka wa 1900, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 29 alipita kando ya ziwa la eneo hilo akiwa na wapagazi wapatao 40. Hakuwa akitafuta pembe za ndovu wala ardhi ya kulima. Alikuwa akikagua miamba, na juu sana ya maji aliona alama za fuo za kale.

Huyo alikuwa John Walter Gregory, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1896 ndicho kilicholieneza duniani jina la Bonde Kuu la Ufa.

Gregory alizaliwa London mnamo Januari 27, 1864. Akiwa na umri wa miaka 15 aliajiriwa karani katika biashara ya sufu, huku akijiendeleza kwa masomo ya jioni. Mwaka wa 1887 aliingia katika Makavazi ya Uingereza, kitengo cha historia ya viumbe. Safari yake ya mwaka wa 1893 ilianzia Mombasa, ikapitia Naivasha, Elmenteita, Nakuru na Baringo, kisha ikaishia katika miteremko ya Mlima Kenya.

Fuo zile zilimwachia swali lililomsumbua maisha yake yote: iwapo ziwa liliwahi kuwa refu kiasi hicho, je, nchi inaendelea kukauka?

Jibu alilitafuta katika tabianchi mbalimbali. Alipokuwa profesa Melbourne, kuanzia mwaka wa 1900, alisafiri hadi jangwa la Ziwa Eyre nchini Australia. Mwaka wa 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow. Baada ya mpango wa kuwapa Wayahudi makao katika uwanda wa Uasin Gishu kukataliwa mwaka wa 1905, shirika moja la Kiyahudi lilimtuma Gregory achunguze Cyrenaica, katika Libya ya leo. Mwaka wa 1908 aliikagua nchi hiyo na kubaini kwamba uhaba wa maji usingeruhusu umati wa walowezi.

Mwaka wa 1914 alichapisha makala akiuliza iwapo dunia inakauka. Baada ya kulinganisha ushahidi wa nchi nyingi, alihitimisha kwamba katika enzi za historia hakukuwa na ukaukaji wa dunia nzima. Kwingine kulikauka, kwingine mvua iliongezeka. Kwa maoni yake, kiangazi cha mahali pamoja hakitoshi kuwa kipimo cha ulimwengu.

Somo hilo lina uzito hadi leo. Mji wa Nakuru hupata wastani wa milimita 900 hivi za mvua kwa mwaka, ilhali Marigat, safari fupi kuelekea kaskazini, hupata karibu milimita 650. Hata hivyo, wastani pekee humdanganya mkulima. Kwa kawaida, kadiri mahali palivyo pakavu ndivyo mvua yake inavyobadilika zaidi mwaka hadi mwaka, na mfugaji wa Baringo hukabili hatari kubwa kuliko tofauti hiyo ya milimita inavyoashiria.

Watafiti waliomfuata Gregory wamethibitisha kwamba miaka ipatayo 10,000 iliyopita Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina cha takriban mita 180. Katika miaka ya 1990, Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka kabisa. Tangu mwaka wa 2010 hivi limefurika hadi kumeza lango kuu la mbuga yake na kuwafukuza watu makwao.

Gregory hakuwa mtakatifu. Katika maandishi yake ya miaka ya 1920 alitetea utengano wa watu kwa misingi ya rangi, msimamo usiomstahili mtu ambaye usalama wake ulitegemea mabega ya wapagazi Waafrika.

Alirejea Kenya mwaka wa 1919, na kitabu chake cha pili kuhusu bonde hilo kikatoka mwaka wa 1921. Alifariki mnamo Juni 2, 1932, kwa kuzama katika mto Urubamba nchini Peru, akiwa bado safarini kikazi.

Barafu ya Mlima Kenya iliyopewa jina lake sasa imetoweka, badiliko ambalo vipimo vya enzi yake havingeweza kulibashiri. Fuo alizozitazama juu ya Nakuru zingalipo.