Dizzy Dean

Jay Hanna "Dizzy" Dean (16 Januari 1910 – 17 Julai 1974) alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka nchini Marekani. Alizaliwa Lucas, katika jimbo la Arkansas. Akiwa mrushaji mpira wa St. Louis Cardinals alishinda mechi 30 mwaka 1934, na timu yake ikatwaa ubingwa.

Mwaka 1937, katika mechi ya nyota wa ligi mjini Washington, mpira uliopigwa na Earl Averill ulimvunja kidole cha mguu. Dean alirudi uwanjani kabla hajapona, akabadili namna ya kurusha ili kuukinga mguu huo. Nguvu ya mrushaji huanzia miguuni na kupita kiunoni. Miguu isiposaidia, mzigo huangukia bega na kiwiko. Mkono wake uliumia, na kasi yake ya zamani haikurudi tena.

Mwaka 1938 aliuzwa kwa Chicago Cubs. Baadaye akawa mtangazaji wa michezo, na mwaka 1953 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli. Alifariki Reno, Nevada. Kisa chake hutajwa kama onyo kwamba mrushaji aliyeumia, hata mguuni, apumzike mpaka apone kabisa.