Ibn Yunus na Alhamisi isiyosogea

Kila Ramadhani ikikaribia, huku Majengo na Eastleigh tunakoishi sisi watu wa pwani tuliohamia Nairobi, mjadala ni uleule. Mwezi umeandama wapi? Jengo hili linafunga, la jirani linakula, na mama wa mahamri hajui akaange ya watu wangapi. Siku hizo mimi humkumbuka Ali bin Abdurrahman, maarufu Ibn Yunus, wa Misri.

Kwetu sisi Mashafii si mgeni. Yunus, babu wa baba yake, alikuwa mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe. Baba yake alikuwa mwanahistoria na mtu wa hadithi. Yeye akashika falaki. Alikuwa kijana Wafatimiya walipoiteka Misri mwaka 969 na kuujenga mji wa Kairo.

Wasimulizi wanasema hakujali mavazi, hata watu wakamcheka. Lakini kwenye kuandika hakuwa na mchezo. Mwaka 977 yeye na wanazuoni wenzake walikusanyika msikitini huko Qarafa kutazama jua likipatwa. Akaandika kwamba ilikuwa Alhamisi, mwezi 28 Mfungo Saba mwaka 367 Hijria, na kwamba jua lilipoanza kumegeka lilikuwa limepanda kati ya nyuzi 15 na 16.

Kwa nini ataje siku ya juma? Kwa sababu tarehe ya Hijria yaweza kusogea siku moja, hawa wakiuona mwezi na wale wasiuone. Alhamisi haisogei. Ni Alhamisi kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa Myahudi. Ukiwa na tarehe na siku pamoja, wapata jawabu moja tu: 13 Desemba 977. Urefu wa jua nao unakupa saa.

Kumbukumbu hizo alizitia katika Zij al-Hakimi, kitabu kilichopewa jina la Khalifa al-Hakim. Karne ya 19, Mmarekani Simon Newcomb alizitumia kuchunguza mwendo wa mwezi. Wataalamu wa leo wanazitumia kupima jinsi mzunguko wa dunia unavyopungua kasi. Na majedwali ya nyakati za sala yaliyotokana na kazi yake yalitumika Kairo hadi karne hiyo ya 19.

Alifariki mwaka 1009. Inasimuliwa kwamba, akiwa mzima, alisema amebakiwa na siku saba, akatengeneza mambo yake, akajifungia akisoma Qurani hadi roho ikatoka. Inasemwa pia kwamba mwanawe aliziuza karatasi zake kwa ratili, katika soko la sabuni.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Sisi twagombania mwezi kila mwaka, Idi ikipita hakuna aliyeandika neno. Nani aliuona, wapi, siku gani, saa ngapi? Sisemi nani yuko sawa. Nasema kila msikiti uwe na daftari, na siku ya juma itajwe. Na makaratasi ya wazee wetu yaliyomo kabatini, jamani, yasiende kufungia njugu.